Kwani Asiyetesti Lazima Awe Mvivu?

Wasee, wiki jana bosi fulani alinichomea picha mbele ya timu nzima, ati sisi vijana hatutesti programu zetu kwa sababu ya uvivu. Sikumjibu. Lakini hebu tuangalie historia kidogo.

Mwaka wa 1997, Kent Beck na Erich Gamma walikuwa kwenye ndege kutoka Zurich kwenda Atlanta. Badala ya kulala, wakaandika JUnit, kifaa kidogo cha kutesti Java. Wazo lilikuwa rahisi: unapima kipande kimoja peke yake, unapata jibu kwa sekunde, maisha yanaendelea.

Mwaka wa 1998, Sun ikatoa Enterprise JavaBeans, ya kampuni kubwa kubwa. Ahadi zilikuwa tamu: seva itakushughulikia usalama, miamala na hifadhidata. Lakini manze, hiyo kitu haikuishi nje ya seva. Ukibadilisha mstari mmoja, unapakia upya, unangoja, ndio ujue kama umekosea. Ni kama kupika sufuria nzima ya pilau ndio uonje chumvi.

Watu wakajaribu njia mbili. Wengine walipeleka testi ndani ya seva yenyewe, kwa Cactus ya Apache. Jibu lilikuwa la ukweli, lakini polepole. Wengine wakatengeneza vitu bandia vya kuigiza seva, wazo ambalo Tim Mackinnon, Steve Freeman na Philip Craig waliliandikia mwaka wa 2000. Hiyo ilikuwa mbio, ila bandia hudanganya: testi zinapita zote, kisha seva halisi inakataa.

Mwaka wa 2002, Rod Johnson akaandika kitabu cha kuuliza kama uzito wote huo ulihitajika. Humo ndimo ilianzia Spring, iliyofika toleo la 1.0 mwaka wa 2004. Sasa ungeandika Java ya kawaida na kuitesti bila seva. Mwaka wa 2006, EJB 3.0 nayo ikafuata njia hiyo.

Umeona? Watu hawakupata bidii ghafla. Muundo ndio ulibadilika. Kitu kikiwa kigumu kutesti, kagua kilivyojengwa kabla ya kumtusi aliyekijenga.

Lakini nisijidanganye. Hao wa 1998 walikuwa na sababu. Mimi nina JUnit, na testi zangu zinaisha kabla chai ipoe. Kwa hivyo bosi, nusu yako ni haki. Na wewe unayesoma, sababu yako ni gani?