Siku Arubaini za Baraza la Guangzhou

Msafiri ashukaye kituo cha treni cha Lieshi Lingyuan, katika njia ya kwanza ya reli ya chini ya ardhi ya Guangzhou, hukutana karibu na hapo na jengo la ghorofa mbili lenye ukumbi wa mviringo na kuba juu yake. Leo ni jumba la makumbusho. Wageni huelezwa kwamba humo, Mei 1921, Sun Yat-sen aliapishwa kuwa rais wa serikali ya kusini. Jambo hilo ni kubwa, nalo limemeza shughuli iliyosababisha jengo lenyewe kujengwa. Kabla ya kiapo hicho, hapa palikuwa mahali pa watu kuketi, kusoma miswada, kuuliza fedha za jimbo zimekwenda wapi, na kuhesabu kura.

Jina lake la mwanzo lilikuwa Ziyiju, yaani ofisi ya kushauriana na kujadili. Nasaba ya Qing, iliyokuwa katika miaka yake ya mwisho, haikutaka kuliita bunge. Kwa Kiswahili tunalo neno liufaalo woga huo: baraza. Baraza ni mahali pa kuketi mbele ya nyumba, ambapo wakubwa huzungumza na mwenye nyumba husikiliza akipenda. Waliotunga kanuni za 1908 walikuwa na picha hiyo hasa. Wajumbe washauri, Gavana Mkuu wa Guangdong na Guangxi aamue.

Mabaraza ya majimbo yalifunguliwa siku moja kote katika dola, tarehe 14 Oktoba 1909, na la Guangdong likiwamo. Mwenyekiti alikuwa Yi Xueqing, na miongoni mwa makamu wake alikuwa Qiu Fengjia, mshairi aliyewahi kuongoza upinzani wa Taiwan dhidi ya Wajapani mwaka 1895. Mpiga kura alipaswa kuwa mwanamume wa miaka 25 au zaidi, na juu ya hayo awe amehitimu shule ya sekondari, au ana shahada ya mitihani ya kale, au amehudumu miaka mitatu katika elimu au kazi za umma, au amewahi kushika cheo cha serikali, au ana mali ya thamani ya yuan 5,000. Kwa kipimo hicho wapiga kura hawakufikia mtu mmoja katika kila mia. Msomaji wa Afrika Mashariki asiharakishe kucheka. Baraza la Kutunga Sheria la Kenya lilikutana mara ya kwanza mwaka 1907, na Mwafrika wa kwanza kuketi humo, Eliud Mathu, aliingia 1944, tena kwa kuteuliwa.

Kikao cha kawaida kilikuwa kimoja kwa mwaka, cha siku 40, na kiliweza kuongezwa siku 10. Katika muda huo wajumbe walipaswa kupitia makadirio ya mapato na matumizi ya jimbo, hesabu za mwaka uliopita, kodi, mikopo ya umma, kanuni za jimbo, na maombi ya wananchi. Wakati baraza halikai, wajumbe wachache waliochaguliwa na wenzao walibaki kushughulikia yaliyosalia. Gavana Mkuu akichukizwa na azimio, aliweza kulirudisha lijadiliwe upya. Wakishindana, shauri lilipelekwa Beijing. Kwa maneno mengine, baraza liliweza kusema hapana, lakini hapana yake ilikuwa na safari ndefu.

Hata hivyo siku 40 si haba kwa watu waliokuwa na hasira ya muda mrefu. Hasira ya Guangdong ilikuwa kamari. Jimbo hilo lilikuwa na michezo ya kila namna, na mmoja ulikuwa wa ajabu kabisa: watu waliweka fedha juu ya majina ya ukoo ya watahiniwa watakaofaulu mitihani ya dola, hata elimu ya Konfusio yenyewe ikawa tiketi ya bahati nasibu. Serikali ilipiga marufuku, kisha ikaruhusu, kisha ikatoza. Fedha za leseni zililipa askari na madeni, na kila Gavana Mkuu aliyekuja alikuta kwamba dhambi hiyo imeandikwa tayari katika upande wa mapato.

Hapa ndipo anapoingia Chen Jiongming, mwanasheria kijana kutoka Haifeng. Alikuwa na miaka 31 tu baraza lilipofunguliwa, na umri wa chini wa mjumbe ulikuwa 30. Yeye na wenzake walidai kamari ikomeshwe kabisa kwa tarehe maalumu. Suala lilipofika kwenye kura mwaka 1910, wajumbe waliandika ama ke, yaani na iwe, ama fou, yaani isiwe. Wengi waliandika fou. Minong'ono ya fedha za wenye makampuni ya kamari ilitangulia hata matokeo.

Kilichofuata ndicho ninachokiona kuwa tukio kubwa kuliko kiapo cha 1921, ingawa hakina sanamu. Majina ya waliopiga kura yalijulikana mjini. Wajumbe wakagawanywa na watu wa mitaani kuwa wa ke na wa fou, na wale wa fou wakawa hawana pa kuficha uso. Wajumbe wa ke walijiuzulu, na mwenyekiti naye akaachia kiti. Gazeti lililoanzishwa na kambi hiyo mwaka 1911, Zou Lu akiwa miongoni mwa waanzilishi wake, liliitwa Kebao, gazeti la ke: kura iliyoshindwa ukumbini ikawa jina la gazeti. Na tarehe 30 Machi 1911, Gavana Mkuu Zhang Mingqi alipiga marufuku kamari katika jimbo zima, pengo la mapato likitarajiwa kuzibwa kwa kodi nyingine, ya chumvi ikiwa mojawapo. Tunaweza kuuliza nani hatimaye alilipa gharama ya wema huo, maana chumvi huliwa na maskini zaidi ya wacheza kamari. Ila hoja ilikwisha kuthibitika. Baraza lililoundwa kwa ajili ya kushauri tu lilikuwa limemlazimisha mtawala kutenda, na lilifanya hivyo kwa njia ya kushindwa kura.

Miezi michache baadaye nasaba ilianguka. Tarehe 9 Novemba 1911 uhuru wa Guangdong ulitangazwa katika ukumbi uleule, Zhang Mingqi akatorokea Hong Kong, na Hu Hanmin akachaguliwa kuwa gavana wa kijeshi, Chen Jiongming akawa msaidizi wake. Likaundwa baraza la muda, na muundo wake ungewashangaza waliotunga kanuni za 1908. Wachina wa ng'ambo walipewa viti, jambo ambalo Watanzania walioko nje bado wanalijadili bila mafanikio, na Wakenya wamepewa kwa sehemu tu, kwa kura ya rais tangu 2013. Na viti 10 vilitengwa kwa ajili ya wanawake.

Wanawake hao waliketi katika chombo cha kutunga sheria, mjini Guangzhou, mapema mwaka 1912. Bunge la Uingereza halikuwa na mwanamke hata mmoja wakati huo. Katika uchaguzi wa Zanzibar wa 1957, miaka 45 baadaye, wanawake hawakuruhusiwa hata kupiga kura. Walisubiri hadi 1961.

Lakini baraza la muda lilikuwa la muda. Septemba 1912 serikali ya Beijing ilitoa sheria ya uchaguzi wa mabaraza ya majimbo, na ikaandika kwamba mpiga kura na mgombea ni mwanamume. Wanawake wa Guangdong walilalamika, wakipeleka hoja zao katika ukumbi ambamo wao wenyewe walikuwa wajumbe. Sheria haikubadilishwa. Baraza jipya lilipokutana mwaka 1913, viti vyao vilikuwa vimekaliwa na wanaume.