Kutegeana Kazini

Kutegeana ni hali ya mtu kupunguza bidii afanyapo kazi pamoja na wenziwe, ilhali kazi iyo hiyo, lau angaliifanya peke yake, angaliitilia nguvu zaidi. Aliyetangulia kuipima kwa hesabu ni Max Ringelmann (1861–1931), mhandisi Mfaransa wa zana za kilimo, ambaye katika miaka ya 1880 aliwavutisha watu kamba, mmoja mmoja kisha kwa makundi, na mwaka 1913 akachapisha matokeo. Jedwali lake laonyesha kwamba katika kundi la watu 8 kila mmoja hutoa takriban nusu tu ya nguvu zake. Taksiri kubwa aliiweka juu ya watu kutovuta kwa pamoja, wala hakuwasingizia uvivu. Hata hivyo aliwataja wafungwa waliozungusha mpini wa kinu cha unga, ambao baada ya kitambo kidogo kila mmoja, akimtegemea jirani yake, aliridhika kuufuata mpini ulikokwenda, na pengine akajiachia uuchukue mkono wake.

Shaka hiyo, kama kosa ni la mpango au la moyo, iliondolewa Marekani mwaka 1974, Alan Ingham na wenzake walipomfunga mtu kitambaa machoni, wakamweka mbele kwenye kamba, na nyuma yake wakasimama watu aliodhani wanavuta, kumbe hawavuti: nguvu zake zikapungua vilevile. Mwaka 1979 Bibb Latané, Kipling Williams na Stephen Harkins waliona mfano wake katika kupiga kelele, kwani aliyedhani kuwa anapiga pamoja na wengine 5 alitoa kama robo tatu ya sauti yake.

Lakini jaribio lenye uzito kupita yote ni la mwaka 1981, ambapo watafiti hao watatu walimwaminisha kila mtu kwamba sauti yake yapimwa mbali na za wenziwe, na upungufu ukatoweka. Kwa hiyo si insafu kuliita jambo hili tabia mbovu, maana bidii hulegea pale isipojulikana ni ya nani.

Wala hali hii si sawa kwa watu wote: mwaka 1989 Christopher Earley aliwalinganisha wanagenzi wa umeneja wa Marekani na wa China, na katika kazi ya kundi isiyokuwa na wa kuulizwa, Wamarekani walipunguza juhudi, Wachina hawakupunguza.