Umbizo la Sauti na Muziki wa Kadi Sondu

Umbizo la sauti ni utaratibu wa kuzipanga namba zinazowakilisha sauti ndani ya faili, ili kifaa kinachoufahamu utaratibu huo kiweze kuzisoma na kuzirudisha kuwa sauti inayosikika. Nchini Kenya neno linalotawala mazungumzo ni fomati, nalo limezoeleka kiasi kwamba hakuna haja ya kulifukuza. Lakini umbizo, lililoundwa kutokana na kitenzi umba na ambalo msomaji hukutana nalo katika programu zilizotafsiriwa kwa Kiswahili, lina faida ambayo fomati haina. Fomati hubeba maana mbili zilizo mbali: ni aina ya faili, na pia ni tendo la kuiandaa upya kadi ya kumbukumbu, tendo ambalo huiacha kadi ikionekana tupu. Mtu aliyeambiwa kwamba wimbo wake haulii kwa sababu ya fomati, kisha simu yake ikamwonyesha ujumbe wa kumtaka aifomati kadi, atadhani kwamba ameletewa dawa ya tatizo lile lile, atakubali, na nyimbo zote zitamtoka. Kwa sababu hiyo ni afadhali umbizo litaje aina ya faili peke yake, na fomati libaki kuwa jina la kuiandaa kadi.

Tofauti hiyo ina uzito katika mji kama Sondu, ulioko kwenye barabara ya kutoka Kisumu kwenda Kisii, kando ya mto Sondu-Miriu unaoteremka kuingia Ziwa Viktoria, mahali ambapo Waluo, Wakipsigis na Wakisii hukutana sokoni. Huko, kama kwingineko katika ukanda wa ziwa, benga, ohangla na rumba husikilizwa kwa simu ndogo za vibonye ziitwazo kabambe na kwa redio za flashi, yaani zile redio za kubebwa zenye tundu la flashi na la kadi. Mwenye kadi huipeleka kibandani akawekewa nyimbo kwa malipo kidogo, na akirudi nyumbani pengine redio huruka nyimbo kadhaa bila kutoa sauti yoyote. Kadi haina kosa, wala nyimbo hazijaharibika; redio hizo kwa kawaida huisoma MP3, nyingi huisoma WAV pia, lakini nyingi hazina uwezo wa kuifungua AAC, umbizo ambalo simu za kisasa hupenda kulitumia kwa kurekodi na kuhifadhi.

Ili jambo hilo lieleweke, inafaa kutenganisha vitu vitatu ambavyo jina umbizo huvikusanya. Cha kwanza ni kiendelezi, zile herufi zinazofuata nukta mwishoni mwa jina la faili. Cha pili ni kasha, yaani muundo wa nje wa faili, unaoeleza data ya sauti inaanzia wapi, ina urefu gani na inaambatana na maelezo yapi. Cha tatu ni kodeki, ile kanuni ya hesabu inayotumika kuisimba sauti wakati wa kuihifadhi na kuisimbua wakati wa kuicheza. Kiendelezi ni tangazo tu, na hubadilishwa na yeyote anayejua kulibadili jina la faili, ndiyo maana kulipatia faili la AAC jina linaloishia kwa MP3 hakuisaidii redio isiyo na kodeki inayohitajika. Faili lenye kiendelezi 3GP, ambalo kabambe nyingi hulitengeneza, laweza kubeba sauti iliyosimbwa kwa AMR au kwa AAC. Kasha ni lile lile, ilhali kilichomo kinatofautiana sana.

Kazi kubwa ya kodeki nyingi ni kubana. Sauti ya diski ya CD huhifadhiwa kwa kupima wimbi la sauti mara 44,100 kila sekunde, kila kipimo kikiandikwa kwa biti 16, kwa njia mbili za kushoto na kulia, na jumla yake ni biti 1,411,200 kwa sekunde, yaani megabaiti zipatazo 10.6 kwa dakika moja. Faili la WAV kwa kawaida huzibeba namba hizo kama zilivyo. MP3 yenye kasi ya biti ya kilobiti 128 kwa sekunde huishusha dakika hiyo hadi chini kidogo ya megabaiti moja, hivyo kadi ya gigabaiti 8 ambayo ingejazwa na WAV ya saa kama 12 na nusu huweza kubeba MP3 ya saa zaidi ya 130. Kwa msikilizaji mwenye kadi moja ndogo, hesabu hiyo inatosha kueleza kwa nini MP3 ilishinda.

Ushindi huo ulitokana na utafiti uliofanyika kwa sehemu kubwa Ujerumani, katika taasisi ya Fraunhofer mjini Erlangen, ambako Karlheinz Brandenburg na wenzake waliifanyia kazi tabia moja ya sikio la mwanadamu. Sauti kubwa huifunika ndogo iliyo karibu nayo kwa kimo au kwa wakati: siku ya soko la mifugo, fahali akilia karibu na watu wawili wanaonong'onezana bei, mnong'ono unaendelea kuwapo hewani ingawa hakuna anayeusikia. Kodeki ya MP3 hukadiria ni sehemu zipi za muziki zimefunikwa kwa namna hiyo, ikazipunguzia biti au kuziacha kabisa. Jina la kiendelezi hicho lilichaguliwa tarehe 14 Julai 1995, na mwaka 2017 Fraunhofer ilikomesha utoaji wa leseni za hataza zake, hivyo leo yeyote anaweza kutengeneza kifaa cha kuisoma bila kuwalipa wenye hataza hizo.

Ubanaji wa namna hiyo unastahili kuitwa ubanaji wa kupunguza, kwa sababu kilichotolewa hakirudi. Upande wa pili upo ubanaji wa kuhifadhi, ambao mfano wake mashuhuri ni FLAC, kodeki iliyoanzishwa na Josh Coalson na kutolewa rasmi mwaka 2001. Hiyo hupunguza ukubwa wa faili mara nyingi hadi kati ya nusu na theluthi mbili ya WAV, na ikifunguliwa hurudisha kila namba ilivyokuwa. Istilahi hizi mbili zina urefu kidogo, lakini zinamweleza mtumiaji jambo analohitaji kulijua kabla ya kubonyeza kitufe, sifa ambayo istilahi fupi zilizokopwa mara nyingi hazina.

Muziki wa ziwani huulemea ubanaji wa kupunguza kuliko muziki mwingine mwingi, na nyatiti ni ushahidi mzuri. Mpigaji wa ala hiyo ya nyuzi nane hukaa chini akizidonoa nyuzi kwa vidole, huku pete ya chuma iitwayo oduong'o, iliyovaliwa kwenye kidole gumba cha mguu, ikigonga fremu ya ala, na njuga ziitwazo gara zikitikiswa mguuni. Chuma kikigonga, sauti huzuka ghafla na kupanda hadi vimo vya juu sana. MP3 huigawa sauti katika vipande vya vipimo 1,152, yaani takriban milisekunde 26 kila kimoja, na biti zikiwa chache, makosa ya ukadiriaji husambaa ndani ya kipande na kutangulia mlio wenyewe, hivyo pete husikika kama imefikichwa badala ya kugonga. Pamoja na hayo, programu nyingi za kusimba hukata vimo vinavyozidi kilohezi 16 hivi zikiwekwa kwenye kilobiti 128, na chini zaidi kasi ya biti ikishushwa. Gitaa la benga, linalodonolewa noti moja moja kwa kasi, lina udhaifu uo huo japo si kwa kiwango cha njuga. Kwa muziki huu kilobiti 192 ni mwanzo unaokubalika, na penye nafasi 256 ni bora. Kilobiti 64, ambazo hutumiwa ili nyimbo nyingi zienee kadini, zinafaa mahubiri na hadithi.

Hali huwa mbaya zaidi pale rekodi inapofanyika papo hapo kwa simu, kama ifanyikavyo matangani. AMR, kodeki ambayo simu ndogo nyingi huitumia kunasa sauti, iliundwa kwa ajili ya mazungumzo ya simu: hupima sauti mara 8,000 tu kwa sekunde, na kasi yake ya juu kabisa ni kilobiti 12.2. Kwa kuwa upimaji wa mara 8,000 hauwezi kubeba kimo kinachozidi kilohezi 4, maneno ya mwimbaji hubaki yakieleweka, ilhali mng'ao wa gara na pete huwa haukuingia kwenye faili tangu mwanzo. Mwenye simu inayoruhusu kuchagua umbizo la kurekodi achague WAV, au AAC yenye kasi ya juu, hata kama itambidi afute picha ili kupata nafasi.

Dhana moja iliyorithiwa kutoka enzi ya kaseti inapaswa kusahihishwa hapa. Kaseti ilipotolewa nakala, na nakala ikatolewa nakala nyingine, mchakacho uliongezeka na sauti ikafifia, na wapo wanaodhani kwamba wimbo wa kadi nao huchoka kwa kunakiliwa. Kunakili faili hakupunguzi chochote, iwe mara moja au mara elfu. Kinachopunguza ni kusimba upya: kuibadili MP3 kuwa AAC, kisha AAC kuwa MP3 ndogo zaidi, kila hatua ikikisia upya kipi kimefunikwa na kutupa tena. Wala kuigeuza MP3 ya kilobiti 128 kuwa FLAC hakurejeshi kilichotupwa. Faili hunenepa tu, na baadaye humdanganya anayelipokea akidhani ameshika chanzo.

Kosa hilo ni zito kwa sababu sehemu kubwa ya benga ya miaka ya 1960 na 1970, ikiwamo ya Daniel Owino Misiani, mzaliwa wa Shirati upande wa Tanzania aliyefariki mwaka 2006, ilitolewa kwa santuri za mizunguko 45 kwa dakika. Santuri ya namna hiyo inapochezwa ili iingizwe kwenye kompyuta, yafaa ihifadhiwe kwanza kama WAV au FLAC, ndipo MP3 za kadini zitolewe humo. Thamani ya chanzo kilichotunzwa ilionekana kwa Wakipsigis, jirani za Waluo, ambao mkusanyaji wa muziki Hugh Tracey aliwarekodi Kapkatet mwaka 1950: kwa kuwa kanda zake zilihifadhiwa katika maktaba aliyoianzisha Afrika Kusini, nakala za dijitali zimeweza kurudishwa kwao miongo mingi baadaye.

Upangaji wa nyimbo ndani ya kadi nao hutegemea umbizo, kwa kuwa MP3 hubeba kitambulisho, sehemu ndogo ya data inayotaja jina la wimbo, msanii na mwaka. Kitambulisho cha toleo la kwanza, kilichobuniwa mwaka 1996, huchukua baiti 128 mwishoni mwa faili na hutenga herufi 30 tu kwa jina la msanii, kiasi kwamba anayeandika Daniel Owino Misiani na Shirati Jazz huishia Shirat. Toleo la pili halina kikomo hicho, nalo ndilo linalofaa kujazwa, likiwa na jina la bendi badala ya jina la kibanda kilichouza wimbo, jambo ambalo wauzaji wengi hawalizingatii. Redio nyingi za flashi, hata hivyo, hazikisomi kitambulisho wala hazijali alfabeti. Hucheza mafaili kwa mfuatano yalivyoandikwa kadini. Mfuatano huo una maana kubwa kwa nyimbo za santuri, kwani nyingi ziligawanywa sehemu ya kwanza upande mmoja na sehemu ya pili upande wa nyuma, mara nyingi pale gitaa linapoanza kukolea. Mwenye kuzipakia kadini huzinakili moja baada ya nyingine, ya kwanza ikitangulia, au huziunganisha kuwa faili moja zikiwa bado katika WAV, kabla ya kuzibana.