Karata 60, hadithi moja: namna ya kupanga fungu la karata zinazosaidiana

Magic: The Gathering ni mchezo wa karata za vita na uchawi. Ulitungwa na Mmarekani Richard Garfield, ukatoka mwaka wa 1993. Hauko sawa na karata za kawaida, kwani kila mchezaji anakuja na fungu lake mwenyewe. Fungu linakuwa na karata 60 ao zaidi, na karata ya jina moja haipiti 4, isipokuwa ardhi za kawaida, zile zinazoleta nguvu ya kucheza. Kila mmoja anaanza na karata 7 mkononi na uhai 20.

Wachezaji wengine wanapanga fungu juu ya muungano: karata mbili ao tatu ambazo moja peke yake ni dhaifu, lakini zikikutana zinamaliza mchezo. Ni sawa na mtumbwi na kafi: kimoja bila kingine, mvuvi wa Kisale habanduki kando.

Kijana wa Kinkondja anayetaka kupanga fungu lenye mada, hadithi anayo tayari kwa Baluba. Mfalme Nkongolo Mwamba alitaka kumuua mwana wa dada yake, Kalala Ilunga. Akachimba shimo, akasimika mikuki ndani, akafunika na mkeka, kisha akamwalika kijana aje acheze ngoma pale juu. Shimo, mkeka, mwaliko: huo ni muungano wa vipande vitatu.

Lakini tupige hesabu. Kipande kikiwa na karata 4 katika 60, kitaonekana katika karata 7 za kwanza karibu mara 40 kwa 100. Vipande viwili pamoja ni karibu mara 15 tu. Vitatu pamoja, karibu mara 5. Ndiyo sababu mada nzuri inaweza kukupoteza mchezo: hadithi inataka vipande vingi, lakini mkono unataka vichache.

Basi shimo na mkeka viwe karata moja, mwaliko karata ya pili. Mgawanyo mmoja unaoweza kufaa ni huu:

- Vipande vya muungano: 8
- Ardhi: 24
- Karata za kutafuta ao kuvuta zingine: 12
- Karata za kulinda muungano: 8
- Karata za kuchelewesha adui: 8

Wengi wanasahau zile za kulinda, kumbe hadithi yenyewe inaonya. Mpiga ngoma alimjulisha Ilunga hatari kwa mlio wa ngoma. Ilunga akatoroka, akavuka Lualaba, na baadaye akarudi na jeshi. Nkongolo alikuwa na vipande vyote vitatu, lakini hakuna kilichomzuia mpiga ngoma. Kwa hiyo ngoma iwe karata ya kuvunja muungano, ukae mkononi mwa mpinzani.

Karata za dukani zinauzwa kwa pakiti usiyojua ndani mna nini, na bei inapanda. Za kuchora kwenye katoni hazipokelewi katika mashindano rasmi, lakini kati ya marafiki zinatosha. Kabla ya kuchora, muulize mzee: hadithi hii ina namna nyingi za kusimuliwa, na jina likiandikwa vibaya kwenye karata, watoto watalishika vile vile.

Mwisho, changanya fungu, vuta karata 7, rudisha, rudia mara 20. Ukiona mara nyingi unakosa ardhi ao vipande, punguza mapambo.