Nani Atatoa Tope? Miaka Mia ya Malambo Chini ya Mlima Sekenke

Lori linaloshuka Mlima Sekenke kutoka Singida kwenda Nzega hubadili nchi ndani ya dakika chache. Juu ni mawe na mashamba ya Wanyiramba. Chini ni mbuga ya Wembere, tambarare ya udongo mweusi unaopasuka kiangazi na kunasa magurudumu masika. Maji ya mvua yanayoporomoka kwenye magenge hayo hayafiki baharini. Huchukuliwa na mto Wembere, hupita Ziwa Kitangiri, hufuata mto Sibiti na kuishia Ziwa Eyasi, ambako hukauka na kuacha chumvi na magadi.

Kwa hiyo, kuanzia Mei hadi mvua za Novemba au Desemba, watu na ng'ombe wa huku hutegemea zaidi maji yaliyozuiwa njiani kwenye malambo. Malambo yamechimbwa na Mwingereza, yakachimbwa na Serikali ya Tanganyika huru, na bado yanachimbwa. Katika kila awamu fedha za kuchimba zimepatikana. Fedha za kutoa tope ndizo zilizoleta mjadala.

Jina la Sekenke lilitoka nje ya wilaya ya Iramba kwa sababu ya dhahabu. Mgodi wa Wajerumani ulioanza uzalishaji hapo mwaka 1909 ndio unaohesabiwa kuwa mgodi wa kwanza wa dhahabu wa kisasa nchini. Mwaka 1916, Vita Kuu ya Kwanza ilipokata njia za Ujerumani kuleta fedha, dhahabu ya Sekenke ilipelekwa Tabora na kupigwa sarafu za rupia 15 katika karakana ya reli. Sarafu hizo zenye picha ya tembo hushindaniwa hadi leo na wakusanyaji wa Ulaya.

Wajerumani haohao walikuwa na ndoto nyingine, chini ya mlima. Mbuga ya Wembere iko chini kuliko usawa wa Ziwa Victoria, na wapangaji wa uchumi wa koloni walipiga hesabu za kuchimba mfereji wa kuleta maji ya ziwa ili mbuga yote igeuke shamba la pamba. Vita ikauzika mpango huo. Waingereza waliurithi kwenye makabrasha bila kuutekeleza, na Mkataba wa Nile wa 1929 ukaongeza kizuizi: kazi yoyote ya umwagiliaji ambayo ingepunguza maji yanayokwenda Misri ilihitaji kwanza ridhaa ya Misri. Wembere ikabaki na maji yake ya mvua.

Baada ya Vita Kuu ya Pili Waingereza waligeukia kazi ndogo zaidi. Upande wa kaskazini-magharibi wa mbuga, Mradi wa Maendeleo wa Usukuma wa 1947 hadi 1956 ulitia fedha katika mabwawa na malambo ili mifugo isirundikane mahali pamoja na kumaliza majani. Lakini maji hayo hayakuja peke yake. Yalifuatana na sheria ndogondogo za kupunguza mifugo, kulima kwa matuta na kutia samadi, pamoja na faini kwa asiyetii. Chuki dhidi ya amri hizo ilikipa chama cha kupigania uhuru, TANU, wanachama wengi Usukumani, na kabla ya Uhuru serikali ilikuwa imeshalegeza kamba. Utunzaji wa malambo, uliokuwa umefungwa kwenye amri hizo, ulilegea nazo.

Ili kuelewa kwa nini utunzaji ni mgumu, inafaa kulitazama lambo lenyewe. Ni shimo lililochimbwa mahali maji yanapopita, udongo wake ukarundikwa pembeni kuwa tuta. Upande wa juu kuna mlango wa maji, na lambo zuri huwa na kishimo kidogo mbele yake cha kunasa mchanga. Upande wa pili kuna utoro, njia ya kutolea maji yaliyozidi ili yasibomoe tuta. Lililojengwa vizuri zaidi huwa na uzio na mbauti ya kunyweshea nje yake, ng'ombe wanywe bila kukanyaga kingo. Uzio ukianguka, kwato humaliza kazi: kingo huporomoka, na kila mvua huleta mchanga mpya kutoka mlimani.

Chukua lambo la mita 30 kwa 30, kina mita 3. Jua la Tanzania ya kati hunyonya milimita tano au zaidi kwa siku, maana yake katika siku 200 za kiangazi mita moja ya maji au zaidi hupaa angani kabla ng'ombe hajanywa. Tope likijaza mita nyingine chini, kwa kiangazi kizima hubaki maji ya kunywa yasiyozidi mita moja. Kuondoa sentimita 10 tu za tope katika lambo hilo ni kubeba mita za ujazo 90. Kwa karai la lita 10 hiyo ni safari 9,000 za kupanda tuta. Tena kazi yenyewe ina msimu mfupi: hufanyika lambo likishakauka na kabla mvua haijaanza, katika wiki zilezile ambazo kila kaya inaandaa shamba.

Serikali huru ilijibu kwa kuubeba mzigo yenyewe. Mpango wa maji vijijini wa miaka 20, uliotangazwa mwaka 1971, uliahidi kwamba kufikia 1991 kila mwananchi angepata maji ndani ya mita 400 kutoka nyumbani, bila malipo. Mwaka 1972 halmashauri zilifutwa na kazi zake zikahamia kwenye ofisi za mikoa na wilaya. Operesheni Vijiji ikafuata na kuhamishia watu kwenye vijiji vipya, wengi wakiacha nyuma visima na malambo waliyoyazoea. Pampu ilipoharibika au tuta lilipobomoka, kijiji kiliandika barua wilayani. Uchumi ulipoyumba mwishoni mwa miaka ya 1970, gari na dizeli ya kuitikia barua hiyo vikakosekana.

Sera ya Maji ya 1991 ikaleta uchangiaji, na ile ya 2002 ikaweka wazi kwamba gharama za uendeshaji na matengenezo ni za wanakijiji wenyewe. Vijiji vikafungua mifuko ya maji na kuchagua kamati. Mwaka 2009 sheria mbili za maji zikazipa jumuiya za watumia maji nafasi kisheria, na Bodi ya Maji ya Bonde la Kati, yenye makao yake Singida mjini, ikawa na kazi ya kusimamia vyanzo vya Wembere na Kitangiri.

Wakati huohuo ruzuku zilikuwa zinarudi. Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, ulioanza mwaka 2000, ulipeleka fedha kwa jamii zilizoibua miradi yao, wao wakichangia mchanga, mawe na nguvu kazi. Kuanzia mwaka wa fedha 2004/05 halmashauri, zilizokuwa zimeshaundwa upya, zilipata ruzuku kwa kutimiza masharti, nayo ilikuwa ruzuku ya maendeleo kutoka Serikali Kuu, na vijiji vikapanga vipaumbele kwa utaratibu wa Fursa na Vikwazo. Kwenye orodha hizo lambo jipya lilikuwa na mvuto, kwa kuwa lina siku ya uzinduzi na linaingia kwenye taarifa ya mwaka. Kuzibua la zamani hakuna utepe wa kukata.

Awamu ya tatu ya TASAF ndiyo iliyokaribia zaidi kulipa jasho la tope. Kaya maskini zilipewa ajira za muda za hadi siku 60 kwa mwaka kwa ujira wa shilingi 2,300 kwa siku, na miongoni mwa kazi zilizochaguliwa na vijiji nchini ni kuchimba na kukarabati malambo. Ruzuku iliingia moja kwa moja kwenye mfuko wa aliyeshika jembe.

Tatizo la nani alipie tope halijui umaskini wala utajiri. Nchini Marekani, sheria ya maji safi ya 1972 na marekebisho yake ya 1987 zilisukuma miji kudhibiti maji ya mvua, na wajenzi wa mitaa mipya wakachimba mabwawa ya kuyapokea kisha wakayaacha mikononi mwa vyama vya wenye nyumba. Baada ya miaka kadhaa mabwawa hayo hujaa tope, vyama hugundua kwamba akiba haitoshi kukodi mtambo, na baadhi ya miji imelazimika kutoa ruzuku ya kugawana gharama.

Chini ya Sekenke, maji ya Ziwa Victoria hatimaye yamefika, kwa bomba. Mradi wa Tinde hadi Shelui, uliojengwa kwa mkopo wa India, umeyafikisha maji hayo hadi tarafa ya Shelui katika miaka hii ya 2020. Lakini maji ya bomba hupimwa kwa mita na kulipiwa, na mfugaji mwenye ng'ombe 100 hawezi kuwanywesha kwa ndoo za kununua. Ng'ombe bado wanakwenda lamboni.

Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, RUWASA, ulioundwa mwaka 2019, husimamia maji ya wananchi vijijini kupitia vyombo vya jamii vyenye mhasibu, fundi na makusanyo. Malambo ya mifugo yako chini ya wizara ya mifugo na halmashauri, na mara nyingi mlinzi wake wa karibu ni serikali ya kijiji, yenye makusanyo madogo na madai mengi. Chombo cha bomba kina ankara za kutoza kila mwezi. Kamati ya lambo hutegemea mchango wa wafugaji, unaoitishwa mara nyingi pale maji yanapokuwa yameshaanza kuwa uji. Kijiji cha wafugaji kinaweza kutoza ada kwa kila kichwa cha ng'ombe na kuiweka akiba mapema, tangu mwezi wa mavuno ambapo pesa ipo mikononi. Halmashauri ikiongeza ruzuku ya mtambo juu ya akiba hiyo, mita za ujazo 90 ni kazi ya siku moja au mbili. Bila mtambo ni karai 9,000, na Novemba haisubiri.