Tasnifu imefaulu utetezi, bado haijapokelewa: Mambo ya kujua kabla ya kubaindi

Msimu wa mahafali ukikaribia, steshenari za Ipagala jijini Dodoma hupata mteja wa aina yake. Ana flashi mkononi, ana kurasa zilizochorwa kalamu nyekundu, na swali lake ni moja: “Namba za kurasa zinaweza kuanza upya kwenye Sura ya Kwanza?”

Huyo ni mwanafunzi wa uzamili. Utafiti ameshamaliza, watahini wameshasema amefaulu, marekebisho yao ameshayafanya. Kilichomrudisha mjini ni pambizo.

Ukaguzi wa mpangilio ndio mlango wa mwisho kabla tasnifu haijapokelewa na chuo. Hapa hakuna anayeuliza kama hoja yako ina nguvu. Mkaguzi anaangalia kama kazi imefuata mwongozo wa chuo: ukubwa wa pambizo, aina ya fonti, nafasi kati ya mistari, mpangilio wa kurasa za mwanzo, namba, majedwali na marejeleo. Ikikosea inarudi, na ikirudi, siku zinahesabika.

Siku hizo zina uzito kwa watu wa Ipagala. Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma, watumishi wengi walihamia jijini, na baadhi yao husoma uzamili huku wakiwa kazini. Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, kilichoanza mwaka 2007, kiko upande huohuo wa mashariki wa jiji. Kwa mtumishi anayesubiri cheti ili akipeleke kwa mwajiri, jina lake kukosekana kwenye orodha ya wahitimu kunaweza kumaanisha kusubiri mahafali yajayo, na pengine kulipia muda wa ziada chuoni.

Kwa hiyo, kabla ya kumlaumu mkaguzi, ni vizuri kujua anatafuta nini.

Kwa nini pambizo ya kushoto ni kubwa?

Kwa sababu ya uzi na gundi. Tasnifu inapobaindiwa kwa jalada gumu, upande wa kushoto humezwa na mshono. Ndiyo maana miongozo mingi huutaka uwe mpana kuliko pande nyingine tatu. Sentimita 4 ni kipimo cha kawaida, lakini usikichukue hapa, kichukue kwenye mwongozo wa chuo chako. Na uwe mwongozo wa sasa. Kosa kubwa la wanafunzi ni kunakili mpangilio wa tasnifu ya kaka au dada aliyehitimu miaka sita iliyopita, wakati mwongozo umeshabadilika.

Kurasa za mwanzo nazo zina utaratibu wake. Kwenye tasnifu za Kiswahili utakutana na ukurasa wa jina, uthibitisho wa msimamizi, ikirari na hakimiliki, shukurani, tabaruku, ikisiri, kisha yaliyomo na orodha za majedwali na vielelezo. Nani anatangulia na nani anafuata, kila chuo kina lake. Kilicho cha kawaida ni kwamba kurasa hizi hupewa namba za Kirumi, na namba 1 huanza pale inapoanza Sura ya Kwanza.

Hapo ndipo wengi wanakwama, na sababu yake ni ndogo. Wameandika kazi nzima kama kipande kimoja. Kwenye Microsoft Word, lazima uweke mkato wa sehemu, ule unaoitwa Section Break, mwishoni mwa kurasa za mwanzo. Kisha unaziambia namba za sehemu ya pili zisifuate za sehemu ya kwanza. Ukishajua ni kazi ya dakika mbili. Usipojua, utakesha.

Jambo lingine ni yaliyomo. Wapo wanaoandika orodha ya yaliyomo kwa mkono, wanapiga nukta moja moja hadi mwisho wa mstari. Ukiongeza aya moja kwenye Sura ya Pili, orodha yote inakuwa ya uongo. Dawa yake ni kuvipa vichwa vya habari mitindo ya Heading 1, Heading 2 na kuendelea tangu siku ya kwanza, halafu programu yenyewe itengeneze orodha. Orodha za majedwali na vielelezo zinafuata njia hiyohiyo.

Marejeleo yana shida ya aina mbili: chanzo kimetajwa ndani ya sura lakini hakimo kwenye orodha, au kimo kwenye orodha lakini hakijatajwa popote. Programu kama Zotero, ambayo ni ya bure, hupunguza sana makosa haya, ili mradi umeanza nayo mapema. Kuingiza vyanzo 150 wiki ya mwisho ni adhabu.

Vitu vidogo vinavyorudisha tasnifu

Angalia jina lako. Liandike kama lilivyo kwenye usajili wa chuo. Aliyesajiliwa kwa jina la baba, kisha akaweka jina la mume kwenye jalada, anajitengenezea maswali.

Angalia neno “sehemu” kwenye ukurasa wa jina. Aliyesoma masomo ya darasani na kuandika tasnifu huwasilisha kazi kwa ajili ya kutimiza sehemu ya masharti ya shahada. Aliyepata shahada kwa utafiti pekee, mara nyingi huandika kuwa ametimiza masharti, bila “sehemu”. Neno moja tu, lakini linasema umesoma kwa njia ipi.

Angalia sahihi. Uthibitisho usio na sahihi ya msimamizi haupiti, na wasimamizi husafiri. Mtafute mapema.

Halafu kuna steshenari yenyewe. Kazi iliyopangika vizuri kwenye kompyuta yako inaweza kuvurugika ukiifungua kwenye mashine nyingine yenye toleo tofauti la Word au isiyo na fonti uliyotumia. Majedwali yanakatika katikati, picha zinahama ukurasa. Peleka faili la PDF, na lihakiki ukurasa kwa ukurasa kwenye kioo kikubwa kabla ya kuprinti. Simu haitoshi kwa kazi hiyo.

Na usibaindi jalada gumu kabla hujaambiwa kwa maandishi kwamba mpangilio umekubaliwa. Nakala za kuwapelekea watahini huwa ni za kubaindi kwa kawaida, kwa sababu zinatarajiwa kubadilika. Jalada gumu lenye maandishi ya dhahabu likishafungwa, kosa la ukurasa mmoja linakugharimu kitabu kizima, mara idadi ya nakala ulizotakiwa kupeleka.

Kinachobaki ni faili

Nakala ngumu huenda maktaba. Lakini nakala laini, ile softi kopi, ndiyo itakayosomwa zaidi. UDOM, kama vyuo vingine nchini, ina hifadhi ya kidijitali mtandaoni ambako tasnifu huwekwa pamoja na jina la mwandishi, mwaka, ikisiri na maneno ya kutafutia. Hifadhi nyingi za namna hii duniani hutumia DSpace, programu huria iliyotolewa mwaka 2002 na chuo cha MIT cha Marekani kwa kushirikiana na kampuni ya HP. Marekani hiyohiyo, chuo cha Virginia Tech kilianza kulazimisha tasnifu kuwasilishwa kielektroniki mwaka 1997.

Tofauti inaonekana vizuri ukitafuta tasnifu za zamani za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nyingi zina rekodi mtandaoni: kichwa, mwandishi, ikisiri. Chini yake unaelekezwa kwamba kazi yenyewe imo kwa maandishi ya karatasi, kwenye mkusanyo wa East Africana wa maktaba ya Dk. Wilbert Chagula. Mtafiti aliyeko Dodoma anasoma ikisiri, kisha apange safari ya Mlimani. Treni ya SGR imefupisha safari, lakini nauli ni nauli.

Ndiyo maana ikisiri na maneno ya kutafutia yanastahili muda wako kuliko tabaruku. Kama umetafiti uhaba wa maji katika kata fulani, itaje kata, itaje wilaya, utaje mkoa. Mtu atakayeitafuta kazi yako miaka kumi ijayo hatajua jina lako, atajua mahali.

Lipo jambo moja ambalo mkaguzi wa mpangilio anaweza asiliguse, nalo ni zito kuliko pambizo. Ni viambatisho. Wakati wa utetezi, kiambatisho chenye orodha ya uliowahoji, namba zao za simu na fomu za ridhaa zenye sahihi zao kimesomwa na watu wachache chumbani. Faili likishapanda mtandaoni, linasomwa na yeyote. Mama aliyekueleza habari za ugonjwa wake au mfanyakazi aliyemlalamikia bosi wake hakukubali kuonekana kwenye utafutaji wa Google. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inahusu taarifa za aina hii. Weka dodoso tupu na fomu ya ridhaa isiyojazwa. Zilizojazwa zibaki kwenye kabati lako au la msimamizi.

Kuhusu hakimiliki, soma ukurasa unaousaini. Kazi za uandishi zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na tamko lililo mwanzoni mwa tasnifu ndilo linaloeleza nani aombwe ruhusa ya kunakili: mwandishi, chuo, au wote wawili. Kama unapanga kutoa makala kwenye jarida au una ubunifu unaotaka kuusajili, uliza kabla ya kukabidhi faili kama chuo kinaruhusu tasnifu kuzuiwa mtandaoni kwa muda. Faili likishapakuliwa na watu, hakuna wa kulirudisha.

Ukishakabidhi, omba risiti au sahihi ya maktaba kwenye fomu yako ya kuthibitisha kwamba hudaiwi, na uitunze. Baada ya muda, andika kichwa cha tasnifu yako kwenye Google. Ikitokea, fungua na uangalie mambo matatu: jina lako limeandikwa sawa, mwaka ni sahihi, na faili lililopandishwa ni lile la mwisho, si rasimu yenye kalamu nyekundu za msimamizi. Kukiwa na kosa, wa kumwandikia ni mkutubi.