Mwisho wa Game of Thrones na maswali ya babu wa Basotu

Najua nimepotea. UE zimekwisha, bumu nalo limekwisha (bumu ndilo lililotangulia, teh teh), nikapanda basi nikarudi nyumbani Hanang. Rumeti wangu alinipa zawadi ya likizo: flashi yenye Game of Thrones yote, misimu 8, sehemu 73. Wakati sehemu ya mwisho inaonyeshwa Marekani tarehe 19 Mei 2019, huku kwetu kukiwa alfajiri ya tarehe 20, mimi nilikuwa sekondari na sijui hata inahusu nini. Kwa hiyo nimechelewa, msinicheke. Na kama na wewe hujamaliza, ishia hapa, maana natoboa kila kitu.

Nilimaliza saa tisa usiku kwa shangazi, Katesh, chini ya Mlima Hanang, laptopu imebakiza chaji asilimia nne. Nikakaa gizani nimeshika kichwa. Kha! Ndiyo hivyo tu?

Hasira yangu ni ya mwanafunzi wa historia. Sisi tunafundishwa sababu, tukio, matokeo. Na ndicho kilichonifanya niipende ile tamthilia. Ned Stark alipokatwa kichwa msimu wa kwanza, ukirudi nyuma unaziona hatua zote zilizomfikisha pale, moja baada ya nyingine. Misimu 6 ya mwanzo ilikuwa na sehemu 10 kila mmoja. Wa saba ukapewa 7, wa mwisho 6. Vitabu vya George R. R. Martin viliishia cha tano mwaka 2011, watengenezaji wakawa hawana tena kitabu cha kufuata hadi mwisho. Basi mambo yakaanza kukimbia. Daenerys, aliyekomboa watumwa miaka yote ile, anasikia kengele za mji kusalimu amri, halafu anauchoma mji na watoto waliomo. Sehemu inayofuata Jon anamchoma kisu. Mhadhiri angezungushia kwa wino mwekundu: SABABU ZIKO WAPI? Mwaka 2019 watu zaidi ya milioni moja walisaini ombi kwamba msimu wa nane urudiwe upya. Ningekuwepo ningesaini.

Kesho yake nikaenda Basotu kumsalimia babu, baba yake mama. Kwa wasionijua: baba ni Mwiraqw wa Dongobesh, wilaya ya Mbulu, mama ni Mbarabaig wa Hanang. Kiiraqw naongea vizuri, lugha ya mama nachechemea, nachomekea Kiswahili. Babu akaniuliza mbona macho mekundu, naumwa? Nikaona aibu kusema nimekesha naangalia majoka. Lakini nikasema. Akaniambia, "Haya kaa, simulia."

Basi bwana, nikasimulia kuanzia mchana mpaka ng'ombe wanarudi. Babu hakujali nani kamuoa nani. Swali lake la kwanza: "Hayo majoka yanakula nini?"

Nikamwambia yanakula mifugo. Nikamsimulia jinsi mchungaji mmoja alivyokuja kwa Daenerys na mifupa ya mbuzi wake, akalipwa mara tatu ya thamani yake. Mwingine akaja na mifupa ya mtoto wake. Malkia akayafungia majoka mawili chini ya ardhi, akilia. Babu akatikisa kichwa. "Huyo mama alikuwa na akili. Sasa akaishaje?"

"Alichoma mji mzima, babu."

Akanyamaza muda. Halafu akauliza, "Aliacha lini kuwasikiliza wachungaji?"

Wadau, mimi na rumeti tumebishana mno kuhusu ule mwisho, lakini hakuna kati yetu aliyeuliza hivyo. Niliulizia kwa nini aligeuka ghafla. Babu aliuliza tarehe. Nikazipitia kichwani sehemu zote 73, sikupata jibu.

Nikaendelea. Nikamwambia jinsi mabwana wakubwa walivyokaa kuchagua mfalme. Samwell akasimama akapendekeza kwamba watu wote wa nchi ndio wachague. Wakamcheka. Mmoja akasema basi na mbwa wapewe kura. Mimi mwenyewe nilicheka usiku ule pale Katesh. Babu hakucheka. Alisema tu, "Kama ile kesi."

Ile kesi ni ya Mulbadaw, na hapa ndipo nilipoona aibu ya kweli, kwa sababu nasoma shahada ya ualimu wa historia na nilikuwa naijua juu juu tu. Nimerudi kuisoma vizuri, nawapa kwa kifupi.

Kuanzia miaka ya 1970 serikali, kwa msaada wa Kanada, ilianzisha mashamba makubwa ya ngano huku Hanang chini ya shirika la umma la NAFCO. Yakafika mashamba saba: Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gawal, Gidagamowd na Warret. Jumla ekari zipatazo 100,000. Sisemi NAFCO walikuwa joka. Nchi ilikuwa inataka mkate, na huwezi kulima ngano angani. Lakini Wabarabaig walikuwa wanahama na ng'ombe kwa majira, na sehemu iliyochukuliwa ilikuwa ya malisho bora kuliko mengine. Ukitazama siku ambayo ng'ombe hawapo, utasema ardhi haina mwenyewe.

Kulikuwa pia na bung'eda. Mzee aliyeheshimika akifa, Wabarabaig hujenga juu ya kaburi lake kilima cha udongo, na shughuli zake huchukua miezi tisa. Kile kilima ndicho kitabu chetu, kinaonyesha nani aliishi hapa. Trekta lilipopita, baadhi ya makaburi hayo yalilimwa pamoja na majani.

Mwaka 1981 baraza la kijiji cha Mulbadaw na wanakijiji 67 wakaenda mahakamani. Mwaka 1984 Mahakama Kuu, Arusha, ikawapa haki. NAFCO wakakata rufaa. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaipindua hukumu ile kuhusu ardhi. Kijiji, ilisema, hakikuthibitisha kwamba kiligawiwa ardhi hiyo kwa utaratibu. Na wanakijiji je? Hawakuthibitisha kwamba wao ni wenyeji kwa maana ya sheria ya ardhi, sheria ya mwaka 1923, iliyotungwa na Mwingereza.

Soma tena hapo. Mbarabaig, Hanang, hakuthibitisha kwamba ni mwenyeji.

Ukiiangalia kisheria ina mantiki yake: ushahidi haukutolewa mahakamani, basi haupo. Lakini nani alifikiri angetakiwa kuuleta? Nikaelewa kwa nini babu hakucheka. Wale mabwana wa kwenye tamthilia hawakuwa na chuki na watu wa kawaida. Hawakuwahi kufikiri tu kwamba na wao wanahesabika.

Sasa turudi kwenye ile sehemu ya mwisho, maana nimeanza kuiheshimu kidogo (kidogo tu!). Tyrion anawashawishi wamchague Bran kwa sababu ndiye aliyebeba kumbukumbu ya watu wote. Hoja nzuri sana masikioni mwa mwanahistoria. Halafu muda mfupi baadaye Samwell analeta kitabu kipya cha historia ya vita ile, na Tyrion, aliyekuwepo karibu kila mahali, anaambiwa hatajwi humo. Watu waliona ni utani. Mimi sasa naona ndiyo sehemu ya kweli kuliko zote. Unaweza kuwepo pale, ukaumia pale, na kitabu kisikutaje.

Jioni babu akanijaribu. "Nitajie hao wafalme wa majoka." Nikamwaga kama maji: Aegon mshindi, Aerys kichaa, Rhaegar ambaye hakuwahi kutawala, Viserys wa taji la dhahabu ya moto. Akasikiliza mpaka mwisho. "Sasa nitajie wazee wa mama yako." Nikamtaja yeye. Nikamtaja baba yake. Nikakwama.

Hakunigombeza, ingekuwa afadhali. Alianza kuyataja yeye, polepole, kila jina na mahali alipozikwa. Nilikuwa nimefika la sita nikiandika kwenye risiti ya basi, wino ukaisha.

Nimebakiza wiki mbili kabla ya kurudi chuo. Kesho narudi Basotu kumrekodi babu kwa simu, kama atakubali. Tatizo simu imejaa, nilikuwa nimehamishia tamthilia yote humo ili niangalie kwenye basi. Nimeanza kufuta. Msimu wa nane ndio uliotangulia.

Rumeti, usinipigie. Flashi yako iko salama.